Ugonjwa Usiopiga Hodi

Mwezi huu tunaomba tuzungumze juu ya ugonjwa ambao haupigi hodi. Hauumi, hauwashi, wala hauleti homa. Hukaa mwilini miaka mitano, kumi, hata kumi na mitano, na mwenye mwili anaendelea kulima pamba, kuuza nyanya sokoni na kuimba kwaya. Kisha siku moja mtu huanguka. Mdomo unakwenda upande, mkono na mguu vinalegea, maneno hayatoki. Ugonjwa huo ni shinikizo la damu, ambalo wengi wetu tunaliita presha, na kuanguka huko ni kiharusi.

Sisi tunaohudumia wagonjwa na kuwatembelea majumbani, katika ukanda huu wa Shinyanga, Kahama na Geita, tunalijua linalofuata. Kabla mgonjwa hajafikishwa hospitali, ndugu wamekwisha kuulizana ni nani aliyemfanyia. Na jibu mara nyingi hupatikana upesi: ni bibi fulani, mjane, mwenye macho mekundu, anayeishi peke yake. Kwa hiyo, mama mpendwa, somo hili la chakula na moyo linagusa uhai wa watu wawili: yule anayeanguka, na yule anayesingiziwa.

PRESHA NI NINI?

Moyo ni pampu. Kila unapodunda husukuma damu ndani ya mishipa, na damu hiyo hukandamiza kuta za mishipa inapopita. Tunapopima tunapata namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unasukuma, na ya chini ni nguvu yake wakati moyo unapumzika. Mtu mzima mwenye afya huwa karibu na 120 kwa 80. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na akipimwa tena siku nyingine ikakutwa hivyo hivyo, basi ana ugonjwa wa presha.

Mishipa inayokandamizwa hivyo mwaka baada ya mwaka hukakamaa. Moyo hunenepa kwa kazi nyingi, kisha huchoka. Figo huharibika, na macho pia. Mshipa wa ubongo ukiziba au ukipasuka, sehemu ya ubongo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo hufa. Hicho ndicho kiharusi.

Mwaka 2012 nchi yetu ilifanya uchunguzi wa magonjwa yasiyoambukiza kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Karibu mtu mmoja katika kila wanne alikutwa na presha. Ukiketi kanisani kwenye benchi la watu wazima wanne, huenda mmoja wenu anayo, na huenda hajui.

JE, SI UZEE TU?

Wengi husema, "Mama amezeeka, lazima presha ipande." Tulitazame neno hili kwa makini, maana linatufanya tukate tamaa mapema.

Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kisii nchini Kenya, upande wa mashariki wa Ziwa Victoria, alichapisha vipimo vya presha vya watu wapatao 1,000 wa eneo lile. Aliona jambo la ajabu. Kwa Wazungu presha ilipanda kadiri umri ulivyosonga, lakini kwa watu wale, baada ya miaka 40 haikupanda. Katika wagonjwa 1,800 hivi waliolazwa kwake kwa muda wa miaka miwili, hakuandika hata mmoja mwenye ugonjwa wa presha. Hatusemi kwamba wazee wetu wa zamani walikuwa na afya kamili. Malaria, kuhara na uzazi mgumu viliwaua wengi wangali vijana. Lakini waliojaliwa kuzeeka, walizeeka bila presha.

Miaka ilipita, na watafiti wakiongozwa na Neil Poulter wakaenda kuuliza swali la pili: nini kinaipandisha? Waliwafuatilia Waluo waliotoka vijijini karibu na Ziwa kwenda kutafuta kazi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalitolewa mwaka 1990. Waliohamia mjini presha yao ilikuwa juu kuliko ya waliobaki, na tofauti ilianza kuonekana mapema sana, hata mwezi wa kwanza. Tafakari hilo, mama. Umri wao haukubadilika kwa mwezi mmoja, wala damu ya wazazi wao. Kilichobadilika kilionekana kwenye mkojo wao: chumvi ilikuwa nyingi zaidi, na madini ya potasiamu yamepungua. Hata mapigo ya moyo yalikwenda mbio zaidi.

Potasiamu ni madini yaliyomo kwa wingi katika viazi vitamu, ndizi, maharage, mboga za majani na matunda. Chumvi huyashikilia maji mwilini, damu ikazidi wingi na mishipa ikabanwa. Potasiamu huzisaidia figo kuitoa chumvi hiyo na kuilegeza mishipa. Chumvi ikipanda huku potasiamu ikishuka, mwili unapigwa pande zote mbili.

KUTOKA KIJIJINI KWENDA MACHIMBONI

Safari hiyo ya Waluo sisi tunaiona kila siku. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, na kabla yake na baada yake wachimbaji wadogo wamekuwa wakimiminika Nyarugusu, Mgusu na Rwamgasa. Kijana anatoka Kishapu, ambako alikula ugali wa mtama kwa mlenda na maziwa mgando, na asubuhi michembe au matobolwa kwa karanga. Anafika machimboni. Hana mke, hana chungu, hana bustani. Asubuhi ni supu yenye chumvi nyingi na chapati, mchana wali na nyama, jioni chipsi mayai na soda, na kopo la chumvi liko mezani anyunyize tena kabla hajaonja. Siku dhahabu ikipatikana, pombe huongezeka.

Hatuwalaumu akina mama lishe. Wengi wao ni dada zetu wa kanisani, na mteja anayetoka shimoni akitokwa jasho hudai chakula kikali. Tena wao wenyewe hula sufuria hiyo hiyo. Na mama aliyebaki nyumbani naye mambo yamembadilikia: mafuta ya kupikia yanauzwa hata kwa kipimo kidogo, vidonge vya kuunga mchuzi viko kila duka, na mtu akila mlenda anaonekana maskini. Hapo ndipo tunapopotea. Chakula tunachokionea haya ndicho kilichowalinda mama zetu.

WALIOKULA SAMAKI

Uko utafiti mwingine uliofanyika hapa hapa Tanzania, na unajulikana duniani kwa jina la Lugalawa, mahali palipo Ludewa, kusini mwa nchi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1996, na kiongozi wake alikuwa daktari wa Italia, Paolo Pauletto. Walichunguza zaidi ya watu 1,000 wenye asili moja, wakulima na wavuvi wasio matajiri. Kundi la kwanza liliishi kando ya Ziwa Nyasa na kula samaki kwa wingi, gramu 300 hadi 600 kwa siku. Kundi la pili liliishi milimani, nao walikula nafaka na mboga tu.

Msomaji wa Biblia atakumbuka mara moja sura ya kwanza ya kitabu cha Danieli, ambapo makundi mawili yalilinganishwa baada ya siku kumi za vyakula tofauti. Lakini huku Lugalawa waliotangulia ni walaji samaki. Presha yao kwa wastani ilikuwa 123 kwa 72, na ya wenzao wa milimani 133 kwa 76. Wenye ugonjwa wa presha walikuwa takribani 3 katika kila 100 kando ya ziwa, na takribani 16 katika kila 100 milimani. Lehemu, yale mafuta ya damu yanayoganda kwenye mishipa, nayo ilikuwa pungufu kwa walaji samaki, na damu yao ilikuwa na mafuta mengi ya aina ya omega-3 yatokanayo na samaki.

Tusiruke kutoka hapo na kusema kwamba mboga ni mbaya. Watu wa milimani na watu wa ziwani hutofautiana kwa mambo mengi kuliko samaki peke yake, na utafiti wa namna hii haumalizi maneno yote. Lakini unatufundisha kwamba mlo wa nafaka na majani pekee si kinga kamili, na kwamba sisi tuliopewa Ziwa Victoria jirani tusiuze samaki wote na kubaki na ugali na chumvi.

Mama wa Shinyanga atauliza, "Sangara nitamweza kwa fedha gani?" Si lazima sangara. Dagaa ni samaki kamili, huliwa mzima na mifupa yake, na kipimo chake kidogo hutosha mboga ya nyumba nzima. Ila tuangalie jambo moja. Kayabo, yule samaki aliyekaushwa kwa chumvi, si sawa na samaki mbichi au dagaa wa jua. Akiingia chunguni bila kulowekwa na kumwagwa maji mara mbili au tatu, anatuletea chumvi ile ile tunayoikimbia.

Na neno kwa wale wanaopita makanisani wakiuza vidonge vya mafuta ya samaki kwa bei ya mbuzi. Marekani waliwajaribu karibu watu 26,000 kwa vidonge hivyo kwa miaka mitano hivi, na majibu yalitolewa mwishoni mwa mwaka 2018. Kwa jumla havikupunguza magonjwa makubwa ya moyo na kiharusi kwa kiasi cha kutegemewa. Fedha hiyo nunua dagaa, maharage na matunda.

CHUNGU CHA NYUMBANI

Mama ndiye mwenye kushika kijiko. Haya yafuatayo yanawezekana katika nyumba yoyote:

1. Pima chumvi kwa pakiti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, zikiwemo za vyakula vyote. Nyumba ya watu wazima sita, pakiti ya nusu kilo haipaswi kwisha kabla ya siku 16. Andika tarehe juu ya pakiti siku unapoifungua. Ikiisha kwa wiki moja, kila mtu nyumbani anakula zaidi ya maradufu ya kiasi chake.

2. Punguza kidogo kidogo. Ulimi huzoea baada ya wiki chache. Ongeza ladha kwa ndimu, nyanya, kitunguu, tangawizi na karanga za kusaga. Ondoa kopo la chumvi mezani. Lakini usiache chumvi yenye madini joto ukaenda kwenye ile ya magadi isiyo na madini hayo, maana utakwepa presha ukutane na rovu.

3. Rudisha vyakula vya kwetu. Viazi vitamu, michembe, maboga, choroko, dengu, kunde na majani yake, mlenda, mchicha, ugali wa mtama usiokobolewa. Karibu vyote vina potasiamu nyingi na makapi mazuri kwa mishipa. Usimwage maji uliyochemshia mboga, maana madini yamo humo. Ila aliyekwisha kuambiwa na daktari kwamba figo zake ni dhaifu, aulize kwanza, kwa sababu figo hizo haziwezi kuitoa potasiamu inayozidi.

4. Mafuta yawe kijiko, yasiwe maji. Chemsha au bandika na karanga, kaanga mara chache. Mafuta yaliyokaangia maandazi mara nyingi hadi kuwa meusi yamwagwe.

5. Tumbo na kiuno vitazamwe. Kwetu unene ni heshima, na mke mwembamba mume wake hulaumiwa. Hata hivyo mwili unaonenepa kiunoni hupandisha presha na sukari. Mama wa shambani anatembea vya kutosha, lakini mama wa dukani anayekaa kutwa ajipangie kutembea.

YANAYOWAHUSU AKINA MAMA HASA

Mambo matatu hayasemwi vya kutosha. La kwanza, mama aliyepata presha ya mimba au kifafa cha mimba, hata kama alijifungua salama na presha ikashuka, yuko katika hatari zaidi ya presha na ugonjwa wa moyo miaka ya mbele. Huyo apimwe kila mwaka maisha yake yote. La pili, hedhi inapokoma presha ya wanawake wengi huanza kupanda. Kwa hiyo tangu miaka 40, usisubiri kuumwa. La tatu, wanaoponda mawe na kubeba mizigo machimboni hutumia sana vidonge vya maumivu kama diklofenaki. Vidonge hivyo vikitumiwa kila siku hupandisha presha na kuumiza figo.

DAWA SI ADHABU

Aliyekutwa na presha ataambiwa abadilishe chakula, na wengi watapewa dawa. Hapa ndipo tunapowapoteza wengi. Mtu anameza mwezi mmoja, anapimwa, presha imeshuka, anasema, "Nimepona," anaacha. Presha imeshuka kwa sababu ya dawa. Akiacha, itapanda tena kimya kimya, na safari hii hatajua. Wengine huazimana vidonge na jirani. Usifanye hivyo, maana ziko dawa za presha zisizofaa kwa mjamzito, na nyingine zisizofaa kwa mwenye pumu.

Wako pia wanaoambiwa kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Mama mpendwa, omba, na umeze dawa. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa. Bwana anayesikia maombi yetu ndiye aliyewapa watu akili ya kupima damu.

Kama mtu ameanguka, tazama mambo matatu: uso umekwenda upande? Mkono mmoja haunyanyuki? Maneno yanakwama? Hata moja likiwepo, hicho ni kiharusi hadi daktari aseme vingine. Tazama saa na uikumbuke. Mlaze ubavu. Usimpe maji, uji wala dawa kinywani, maana atapaliwa. Asichanjwe chale. Tafuta gari, twende hospitali, hata kama dalili zimepotea baada ya dakika kumi. Dalili zinazokuja na kupotea ni onyo la kiharusi kikubwa kinachofuata.

NA BIBI WA JIRANI?

Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika vijiji vya Hai na mitaa ya Dar es Salaam. Baada ya kulinganisha umri, Dar es Salaam ilikutwa na kiharusi takribani mara tatu ya Hai. Wenzao wakawauliza watu chanzo chake, na majibu yao yalitolewa mwaka 2008. Hai wengi walitaja sababu za kawaida za mwili. Waliosema sana majini na uchawi walikuwa watu wa Dar es Salaam. Kwa hiyo tusidhani imani hizi ni za kijijini tu na kwamba zitakwisha zenyewe barabara ya lami ikifika.

Kwetu imani hizi zimemwaga damu. Kwa miaka mingi Usukuma umejulikana kwa mauaji ya vikongwe waliosingiziwa uchawi. Mtu anaanguka kwa presha aliyokaa nayo miaka kumi, mpiga ramli anataja jina, na usiku watu wanakwenda na mapanga. Na yale macho mekundu? Nenda jikoni kwa bibi huyo. Miti imekwisha, anapika kwa mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe ndani ya kijumba kisicho na dirisha. Moshi huo ndio uliomchoma macho miaka hamsini, akiwapikia wengine. Tena moshi huo huo huumiza moyo na mishipa yake, basi yeye mwenyewe huenda ndiye mgonjwa anayefuata.

Ndiyo sababu tunawaomba akina mama wa kila usharika wafanye jambo moja mwaka huu. Changeni, mnunue kipimo kimoja cha presha cha mkononi, mmwombe muuguzi wa zahanati awafundishe kukitumia, na mara moja kwa mwezi baada ya ibada mpime watu wote wazima, waume na wake. Andikeni namba katika daftari, na mwenye 140 kwa 90 au zaidi asindikizwe zahanati. Kisha chukueni kipimo hicho mwende nacho kwa wajane na vikongwe wasioweza kufika kanisani. Kaeni nao, mpime, mle nao viazi, na majirani wawaone mkiingia na kutoka mchana kweupe. Siku mtu wa mtaa ule akianguka, daftari lenu litakuwa na namba zake za miezi sita iliyopita. Mtakapokwenda kwenye msiba au hospitalini, mtaweza kusema mbele ya ndugu, bila woga, jina la kilichomwangusha.

Bwana awajalie kuzeeka vema, ninyi na mama zenu.